Ayalandi Mbili za Nyakanazi

Siku Mwalimu Danstan alipomtaka Koleta achague baa ya kufanyia sherehe, Koleta alikuwa ameketi benchi la nyuma kanisani, viatu kavivua, anajikanda vifundo vya miguu. Mazoezi ya kwaya yalikuwa yamekwisha. Mvua ya Novemba iliwazuia wote ndani, na kama ilivyo kawaida ya watu waliozuiwa na mvua, neno likazaa neno mpaka wakafika kwenye sherehe ya somo wao, mtakatifu msimamizi wa kwaya.

Kwaya yao ilikuwa chini ya Mtakatifu Sesilia, na sikukuu yake huangukia tarehe ishirini na mbili ya mwezi huo. Miaka yote walisherehekea palepale kanisani: pilau kwenye sahani za plastiki, soda moja moja, hotuba nne, basi. Lakini mwaka huu walikuwa wameimba harusi kumi na moja na misiba isiyo na idadi. Walikuwa wamechoka. Wakasema safari hii wanataka kutoka, wakae kwenye viti vyenye mgongo, wahudumiwe. Mwenye bia anywe bia, mwenye soda anywe soda, na wakijisikia kuimba waimbe bila kuvaa majoho.

“Baa Nyakanazi hii ni nyingi kuliko vichuguu,” alisema Danstan, aliyekuwa mwalimu wa kwaya siku za Jumapili na mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi siku nyingine zote. “Tatizo ni kujua ipi inatufaa watu wa namna yetu.”

Kisha macho, jozi baada ya jozi, yakageukia benchi la nyuma.

Wote walijua kwamba Koleta, kabla hajawa fundi cherehani wa pale stendi, kabla hajashika sauti ya pili, alikuwa mhudumu wa baa kwa miaka kumi na saba. Jambo hilo halikutajwa mbele yake. Lilitajwa pembeni, na aliyelitaja zaidi ni Mama Clotilda, mwenyekiti wa akina mama, ambaye aliwahi kusema kwamba sauti ya Koleta ni nzuri ila ina moshi wa sigara ndani yake. Maneno kama hayo hayakai alipoyaacha msemaji. Yalimfikia Koleta wiki ileile.

“Mama Nice,” Danstan akamwita kwa jina la binti yake, kwa adabu, “wewe ndiye unayezijua.”

Koleta alifungua mdomo akatae. Lakini kukataa kungetaka maelezo, na maelezo yangetaka nguvu, naye nguvu zake zote za siku hiyo zilikuwa zimebaki kwenye pindo za sare za shule arobaini.

“Sawa,” akasema. “Alhamisi, ukitoka shuleni.”

Mgeni anayeshuka Nyakanazi kwa mara ya kwanza, akitokea Kahama au Kigoma au mpakani Rusumo, hushangaa kuona mji mdogo wa njia panda, wenye malori mengi kuliko nyumba, una baa mbili zenye jina la nchi ya Ulaya, na ya tatu yenye jina la mji mkuu wa nchi hiyohiyo. Wenyeji hawashangai tena. Chanzo chake ni mzee mmoja anayeitwa Thobias. Miaka ya tisini, wakimbizi walipojaa Ngara, Thobias alikuwa dereva wa lori la maji la shirika moja la misaada, na wakubwa wake walikuwa watu wa Ayalandi. Jioni, kazi ikiisha, walimsimulia habari za kwao. Walimwambia kwamba nchi yao nzima ina somo mmoja, Mtakatifu Patrisi, na kwamba siku yake ikifika watu huvaa kijani, wakaenda kwenye vilabu vyao vya pombe, babu na mjukuu meza moja, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Thobias, Mkatoliki mtoto wa Wakatoliki, alilipenda jambo hilo la mtakatifu na chupa kukaa nyumba moja bila kugombana. Shirika lilipofunga virago, alinunua kiwanja Nyakanazi, akajenga, akapaka milango rangi ya kijani, na juu ya mlango mkubwa akaandika kwa mkono wake mwenyewe: AYALANDI.

Miaka ikaenda. Mtu wake wa kaunta, Derick, akakosana naye, akavuka barabara na kufungua AYALANDI MPYA. Basi, ile ya mzee ikaitwa Ayalandi ya Zamani, hata na mwenyewe. Baadaye akatokea mfanyabiashara mwingine aliyeona kwamba majina ya upande huo yana baraka, akafungua DABOLINI karibu na kituo cha mafuta, ingawa ukimuuliza Dabolini ni nini anakwambia anadhani ni aina ya gari.

Koleta aliingia Ayalandi ilipokuwa bado moja. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ametoka Murukulazo kwa wazazi wake waliolima migomba na maharage, na Nice alikuwa bado ananyonya. Alikusudia kukaa mwaka mmoja. Alijifunza kushika chupa sita kwa mkono mmoja, shingo za chupa katikati ya vidole. Alijifunza kuondoa mkono wa dereva kiunoni mwake bila kumwudhi dereva. Alijifunza kucheka mzaha aliousikia mara mia nne kama ndio kwanza unasemwa, na kusinzia akiwa wima, bega limeegemea friji. Sikukuu za watu zilikuwa kazi kwake. Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka, Idi, harusi za wakubwa: wenzake wakivaa nguo mpya, yeye anafunga aproni. Mwaka mmoja ukawa kumi na saba, na miguu ikaanza kuvimba.

Kilichomtoa hapo kilikuwa simu moja. Mkesha wa Krismasi, miaka saba iliyopita, saa nane mchana, dada yake Leonsia alimpigia kutoka Murukulazo. “Mama hali yake si nzuri,” alisema. “Anakuulizia.” Kulikuwa na basi la saa kumi la kwenda Ngara. Koleta alifuta mikono, akaenda stoo, akamkuta Mzee Thobias anahesabu kreti zilizoshushwa, akamwomba ruhusa. Mzee hakuinua macho.

“Leo, Koleta? Leo hii? Nani atahudumia? Utaondoka kesho, asubuhi na mapema.”

Akarudi mezani. Akahudumia mpaka watu walipochoka. Kesho yake akapanda gari la kwanza, na alipofika Murukulazo, jua limesimama utosini, alikuta watu wameketi nje kwenye mikeka. Mama yake alikuwa amekata roho alfajiri. Leonsia hakumlaumu. Alimweleza tu jinsi ilivyokuwa: “Alikuulizia mara mbili. Kisha akaacha kuuliza.”

Koleta hakurudi tena Ayalandi, hata kuchukua kanga zake mbili alizokuwa amezianika nyuma ya jiko. Alinunua cherehani iliyotumika, akapata kibaraza karibu na stendi, akaanza na viraka. Na kwa miaka saba, kila alipolazimika kupita barabara ile, alipita upande wa pili.

*

Alhamisi ilikuwa ya jua kali baada ya mvua, tope jekundu linakauka na kupasuka. Danstan alikuja akikokota baiskeli yake. Wakaanza na Ayalandi Mpya.

“Koleta wa Ayalandi!” Derick alipaza sauti kutoka kaunta, mikono ameitanua. “Umerudi kazini?”

“Nimekuja kama mteja.”

Derick akacheka kama aliyesikia kichekesho cha mwaka. Spika mbili, kila moja kubwa kama kabati, zilikuwa zikitikisa kuta, na Danstan ilimbidi amsogelee sikioni. “Tunataka mahali tutakapoweza kuimba!”

“Mtafanya nini?”

“Kuimba! Sisi ni kwaya!”

“Hakuna shida, mwalimu! Mimi naweka muziki, nyinyi mnafuatisha!”

Koleta hakubishana naye. Alizunguka uani, akasukuma mlango wa choo, akautazama, akarudi. Alipapasa meza kwa kiganja, kiganja kikanata. Wakatoka.

“Mbona hujaangalia kaunta wala friji?” Danstan akamwuliza walipofika barabarani.

“Kaunta kila mtu anaipamba. Ukitaka kuijua baa, mwalimu, angalia choo, halafu mwangalie mhudumu. Mhudumu akiburuta viatu saa tisa mchana, ujue jioni hutaletewa ulichoagiza. Utaletewa chupa ya jirani yako, na chenji ya mtu mwingine.”

Danstan akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Dabolini palikuwa pasafi kwelikweli. Vigae vilimetameta, viti vilikuwa vipya, choo kina maji na komeo. Malori mawili yaliyokuwa yamesimama mbele yalinguruma na kutoa moshi wa dizeli uliowafikia mpaka ndani, lakini Koleta alisema moshi huo unavumilika ukikaa upande wa nyuma. Danstan akaanza kufurahi. Akamweleza mwenye baa kwamba ni sherehe ya Jumapili, watu thelathini na wawili, chakula na vinywaji.

“Jumapili hiyo?” mwenye baa akakunja uso. “Vinywaji vipo. Chakula hapana. Mpishi wangu ameniomba ruhusa, ana sherehe ya kwaya.”

Danstan na Koleta wakatazamana. Kumbe mwimbaji wao wa sauti ya nne, yule bwana mnene anayechelewa mazoezi kila mara akinuka vitunguu, ndiye aliyekuwa akipika Dabolini. Walitoka nje haraka kabla kicheko hakijawashinda, na Koleta alicheka mpaka ikambidi ashike nguzo ya umeme. Ilikuwa siku nyingi hajacheka hivyo. Kisha kicheko kikaisha, akaona mlango wa kijani ng’ambo ya barabara, akasimama.

“Mwalimu, hapo ingia mwenyewe. Mimi nitakusubiri hapa na baiskeli.”

“Mimi sijui kuangalia choo, Mama Nice.”

Hakujua lolote, maskini, alisema tu kwa nia njema. Koleta akamtazama, akaona ni kazi kubwa kuanza kumweleza, akavuka barabara.

Rangi ya kijani ilikuwa imepauka, imekuwa ya majani yaliyonyaushwa na jua. Ndani uani palikuwa na wateja watatu tu na redio ndogo inayosoma taarifa ya habari kwa sauti ya chini. Msichana mmoja mwembamba aliwajia, miguu inanyanyuka vizuri, akapangusa viti kabla hawajaketi.

“Shikamooni. Karibuni. Naitwa Irine.”

“Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?”

“Kanazi, mama.”

Koleta akaenda kuangalia choo. Kilikuwa kimefagiliwa, komeo linashika. Jikoni sufuria ya ndizi na nyama ilikuwa inatokota taratibu, na hakuna mtu aliyekuwa akimfokea mwenzake. Kila kitu kilikuwa kimezeeka, lakini kila kitu kilikuwa mahali pake. Aliporudi ndipo alipomwona mzee, kwenye kiti cha uvivu kando ya ukuta, blanketi magotini, macho yamefunikwa na utando mweupe wa mtoto wa jicho.

“Nani hao, Irine?” mzee akauliza.

“Wageni, babu. Watu wa kwaya.”

Adabu haina likizo. “Shikamoo, mzee,” akasema Koleta.

Mzee Thobias akainua uso, akaugeuza huku na huku kama anayetafuta upepo unatokea wapi. “Marahaba. Sauti hiyo… Ni Koleta.”

“Ni mimi.”

“Koleta! Mungu mkubwa. Miaka yote hii hukuja hata kunisalimia. Pole tena na msiba wa mama, maana sikupata nafasi ya kukupa pole vizuri. Ile siku ulivyokuja pale stoo nilikwambia nenda, nenda sasa hivi, achana na wateja. Nikataka hata kukutafutia gari. Muulize huyu Irine, kila siku namwambia: mfanyakazi akisema mzazi wake anaumwa, unamwachia hapohapo. Ndivyo nilivyomfanyia Koleta.”

“Babu husimulia sana,” Irine akasema, akitabasamu.

Koleta alibaki amesimama. Kwa miaka saba alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia mzee huyu, ameyapanga akishona, ameyapanga akipika, na katika mipango yake yote alikuwa na hasira. Sasa aliitafuta hasira asiione. Alichokiona ni uchovu mtupu, kama mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali, akafika nao, akaambiwa hakuna aliyeuagiza. Angeweza kunyamaza. Mzee kipofu, siku zake zinahesabika, kuna hasara gani akiondoka na uongo wake mtamu? Danstan alikuwa pale, na msichana wa watu alikuwa pale.

“Hapana, mzee,” akasema. “Hukunipa ruhusa.”

“Nini?”

“Uliniambia niondoke kesho yake. Ulikuwa unahesabu kreti, hukunitazama.”

Tabasamu la Irine likaondoka. Redio iliendelea kusoma hali ya hewa ya mikoa ya kanda ya ziwa.

“Na mimi sikuondoka,” Koleta akaendelea, na hapa sauti yake ikashuka, maana neno hili hakuwahi kumwambia mtu, hata Leonsia, hata padri. “Hukunifunga kamba. Basi la saa kumi lilipita hapo mbele. Nililiona, nimeshika treyi. Lilisimama kidogo kushusha abiria. Ningeiweka treyi chini nikatoka. Sikutoka.”

Vidole vya mzee vilishika pindo la blanketi, vikaliachia, vikalishika tena.

“Basi nimekuwa nikimsimulia huyu mtoto uongo,” alisema hatimaye.

“Umesahau tu, mzee.”

“Hapana. Kusahau hakuna akili hiyo, Koleta. Hadithi hii niliitengeneza mwenyewe.”

Hakuomba msamaha. Koleta naye hakumngoja aombe. Aliketi, kwa kuwa miguu ilikuwa imemshinda, akamwuliza Irine kuhusu viti. Watu thelathini na wawili, Jumapili, baada ya misa ya pili. Irine akasema viti vipo, na vikipungua wataazima. Mbuzi wawili na ndizi za kutosha. Koleta akasema watapenda kuimba.

“Baa hii ilijengwa kwa ajili hiyo,” mzee akasema kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ndogo, kama si yeye aliyeulizwa.

Walikuwa wamekwisha kufika karibu na stendi ndipo Danstan akasema kitu. “Tunaweza kwenda kwa Derick.”

“Kwa Derick hamtaimba.”

“Au turudi kanisani na pilau letu.”

“Mwalimu, uliniuliza baa inayofaa. Inayofaa ni hiyo. Wapelekee habari wenzako. Lakini mimi sitakuja.”

“Unaumwa?”

“Nimechoka.”

“Umechoka na nini, Mama Nice?”

Koleta alifikiri. Alitaka kumjibu kwa haki, maana alikuwa ameuliza kwa haki. “Sijui nianzie wapi,” akasema, akaingia kibarazani kwake na kuvuta kiti cha cherehani.

*

Jumapili, misa ya pili ilipokwisha, alikusudia kutoka kwa mlango wa pembeni, arudi nyumbani, alale. Mlangoni hapo alimkuta Mama Clotilda amesimama peke yake, pochi ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mzito wa miaka sitini na kitu, mkulima wa mahindi na mihogo, mwenye sauti ya kwanza isiyoyumba na maneno yasiyoyumba pia.

“Mwalimu amesema huji,” akasema Clotilda.

“Miguu inauma, dada.”

“Yangu pia.” Clotilda hakuondoka mlangoni. Alitazama chini, akatazama barabara. “Koleta, mimi sijawahi kuingia baa maisha yangu yote. Marehemu mume wangu alikunywa nyumbani. Sijui mtu anaketi wapi. Sijui anaagiza vipi, kama unaita au unangoja. Nimeona aibu kuwauliza hawa vijana, watanicheka.” Akaikaza pochi. “Nilisema neno moja baya kuhusu sauti yako.”

“Nalijua.”

“Najua unalijua. Naomba nikae karibu na wewe leo.”

Koleta alimtazama mama huyu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemwogopa kwa miaka mitano, akamwona alivyoishika pochi. Alisema tu, “Twende polepole, basi,” wakaenda polepole.

Irine alikuwa amepanga meza kwa umbo la mraba usio na upande mmoja, ameziwekea vitambaa vya kijani vilivyofuliwa mpaka vikawa laini. Watu waliketi, wakaanza kujinyoosha kama paka. Koleta akamfundisha Clotilda: huiti, unamtazama mhudumu na kuinua kidole kidogo, atakuona. Clotilda akainua kidole kana kwamba yuko darasani, Irine akaja mara moja, na Clotilda akaona fahari. Akaanza na soda. Alipoimaliza akamwonyesha Koleta chupa iliyokuwa mbele ya mpishi wa Dabolini.

“Hiyo nyeusi ina ladha gani?”

“Chungu.”

“Wale watu wa Ayalandi ndiyo wanayokunywa?”

“Mzee husema hivyo.”

Akaagiza moja. Akaonja, uso ukamkunjamana, akasema ni dawa ya minyoo, kisha akainywa yote, taratibu, bila kumpa mtu.

Koleta mwenyewe hakujua namna ya kukaa. Kila chupa ilipobaki tupu mkono wake uliifuata. Mara mbili alijikuta amesimama, chupa tatu katikati ya vidole, anaelekea kaunta, na mara mbili Irine akamkatiza njia. “Mama, kaa. Hiyo ni kazi yangu.” Mara ya tatu Clotilda aliikalia ncha ya kitenge cha Koleta ili asiweze kunyanyuka. Irine akaja na kreti tupu, akaipindua, akaiweka chini ya meza, akainua miguu ya Koleta mmoja baada ya mwingine na kuilaza juu yake. Alifanya hivyo bila kusema neno, kama mtu anayejua hasa mahali panapouma, kisha akaenda meza ya pili.

Chakula kilipoletwa, Danstan alisimama ili waombe. Ndipo Mzee Thobias, aliyekuwa ameketi mwishoni kabisa kando ya ukuta, akainua mkono.

“Mwalimu, nisubirini kidogo.” Akaugeuza uso wake kuelekea mahali alipodhani Koleta amekaa, akakosea kidogo. “Koleta, mama yako aliitwa nani? Miaka kumi na saba sikukuuliza.”

Koleta akajibu, “Bonifasia.”

“Naomba mumwimbie Bonifasia,” mzee akawaambia watu wote. “Hapahapa. Huyu mama alipokuwa mfanyakazi wangu, mimi ndiye niliyemzuia asiende kumwona mama yake anakufa. Kwa ajili ya Krismasi. Kwa ajili ya bia. Nimekuwa nikisema vingine, sasa nasema hivi.”

Nyama iliendelea kutoa mvuke mezani. Walio karibu walimtazama Koleta, kisha wakaona haya, wakatazama vitambaa vya meza. Yeye alikuwa anatazama sahani yake. Danstan hakutoa hotuba, na katika mambo yote aliyoyafanya kwenye kwaya ile, huenda hilo ndilo lililokuwa bora kuliko yote. Alitoa sauti ya kuanzia, akainua mkono, wakaanza wimbo wa kuwaombea marehemu.

Koleta aliufahamu wimbo huo kama njia ya kwenda kwao. Alikuwa ameuimba kwa wafu wa watu wengine mwaka mzima, jua kali na mvua, amesimama kando ya makaburi ambayo hakumjua aliyelala ndani. Sasa akafungua mdomo, sauti haikutoka. Sauti ya pili ikayumba, ikabaki na wasichana wawili wanaotafutana. Ndipo Clotilda, mwimbaji wa sauti ya kwanza tangu usichana wake, akashuka. Aliiacha sauti yake palepale katikati ya ubeti, akaishika ya pili, akaishikilia mpaka mwisho, macho mbele, mkono wake mzito umelala juu ya ncha ya kitenge alichokikalia.

Wimbo ukaisha. Danstan akabariki chakula, wakala.

Mtu angependa kusema kwamba moyo wa Koleta ulifunguka siku hiyo. Haikuwa hivyo. Bonifasia alibaki Murukulazo chini ya msalaba wa mbao, na basi la saa kumi lilibaki limepita. Alichohisi Koleta baada ya wimbo ilikuwa njaa, njaa kubwa ya mtu aliyefanya kazi ya mikono. Alikula sahani ya kwanza, akainua kidole kidogo, akala ya pili. Watu walianza kuzungumza tena, kwanza kwa sauti za chini, kisha za kawaida, kisha mpishi wa Dabolini akasimama na kuikosoa nyama ya mbuzi kwa kirefu, na vicheko vikarudi. Waliimba nyimbo nyingine, za shukrani na za harusi, na mbili za Kihangaza ambazo Irine alizijua, akaziimba akiwa amesimama na treyi kifuani. Mzee Thobias alisikiliza, kichwa kimeinama. Hakumwita Koleta, naye Koleta hakumfuata. Wakati wa kuondoka, alipita mbele ya kiti chake.

“Kwaheri, mzee.”

“Nenda salama, Koleta.”

Koleta akatoka nje, Clotilda nyuma yake.

Jua lilikuwa limezama na anga la upande wa Burundi lilikuwa bado na wekundu kidogo. Clotilda alitembea amemshika Koleta mkono, si kwa ajili ya bia nyeusi, alisema, bali kwa ajili ya mawe ya barabarani. Walipofika kwenye daraja dogo la mfereji wakaketi kupumzika. Malori ya kwenda Rusumo yalipita mbele yao moja baada ya jingine, taa zimewashwa, na kila lilipopita upepo wake ulizipeperusha nguo zao, kisha zikatulia.

“Twende?” Clotilda akauliza baada ya muda.

“Bado kidogo,” akasema Koleta.

Clotilda akasogea, akajiweka vizuri juu ya saruji, wakaendelea kukaa.